Damu na uzee wa ubongo: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Lubumbashi

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaokuja labo kutolewa damu, na mara nyingi zaidi kwa watoto wao, wanaobaki nyuma mlangoni ili waulize mzee asisikie. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili. Mengine hayakubali.

Ni kweli damu inaweza kuzeesha ubongo?

Ni kweli, na kwa njia mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni mishipa yenyewe. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Kiungo chenye njaa ya namna hiyo hakivumilii mshipa uliokakamaa au ulioziba, hata kama ni mdogo kuliko unywele.

Ya pili ni vitu vinavyosafiri ndani ya damu: protini, homoni, sukari, mafuta, na ujumbe unaotumwa na kinga ya mwili. Vitu hivyo hubadilika kadiri umri unavyosonga, na baadhi yake huugusa ubongo hata pale ambapo mishipa bado mizima. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi: seli zilizopanga ukuta wa ndani wa vimishipa vya ubongo zimebanana kiasi kwamba hazipitishi kila kitu. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kizuizi hicho kinatosha kuutenga ubongo na mambo ya mwili. Sivyo. Uzeeni hulegea na kuvuja, na seli zake zenyewe hupokea habari kutoka kwenye damu na kuzifikisha ndani.

Habari ya "damu ya vijana" ilianzia wapi?

Kwa panya. Katika miaka ya 1860 Mfaransa Paul Bert aliwashona panya wawili ubavu kwa ubavu, vidonda vikapona pamoja na damu ya mmoja ikawa inapita kwa mwenzake. Miaka ya 1950, Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia njia hiyo kuunganisha panya mzee na panya kijana. Kisha jambo likalala kwa miaka mingi.

Liliamshwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Irina Conboy, Thomas Rando na wenzao walionyesha kwamba misuli na ini ya panya mzee aliyeunganishwa na kijana hujitengeneza vizuri zaidi. Mwaka 2011 Saul Villeda na Tony Wyss-Coray wakaingia kwenye ubongo wenyewe, na kilichowashangaza watu ni upande wa pili wa jambo: panya kijana ndiye aliyeharibikiwa. Katika hipokampo, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, seli changa zilizaliwa chache. Panya kijana aliyedungwa plazima ya wazee (plazima ni maji ya damu baada ya kutoa seli) alishindwa kujifunza kama wenzake. Mwaka 2014 wakaonyesha kinyume chake: panya wazee waliopewa plazima ya vijana walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu.

Sasa angalia jambo moja ambalo magazeti mengi yaliliruka. Panya mzee akishonwa kwa kijana hapati damu tu. Anapata pia huduma ya figo changa, ini changa na mapafu ya mwenzake, na damu yake mwenyewe inazimuliwa. Je, alisaidiwa na kilichoongezwa, au na kilichopungua? Mwaka 2020 kundi la Conboy lilitoa karibu nusu ya plazima ya panya wazee na kuweka mahali pake maji ya chumvi yenye albumini (protini ya kawaida ya damu), bila tone la damu ya kijana. Misuli, ini na hipokampo vilionyesha nafuu. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio la maana kuliko yote, kwa sababu linaondoa uchawi wa ujana na kubakiza swali la kawaida kabisa la labo: ni nini kimejaa humo ambacho hakikupaswa kujaa?

Ni kitu gani hasa ndani ya damu?

Hakuna kitu kimoja. Upande wa vinavyodhuru, kazi ya 2011 ilitaja protini iitwayo CCL11, inayoongezeka na umri kwa panya na kwa watu. Baadaye ikatajwa beta-2 mikroglobulini, ambayo labo nyingi huipima kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2019 Wyss-Coray na wenzake walieleza VCAM1, protini inayochomoza kwenye ukuta wa vimishipa vya ubongo wa mzee. Walipoifunga kwa kingamwili, plazima ya wazee haikuleta tena madhara yale kwa panya. Yaani ujumbe mbaya hauhitaji hata kuvuka kizuizi. Unagonga mlango, na mlango wenyewe unapiga kelele ndani ya nyumba.

Upande wa vinavyosaidia kuna TIMP2, iliyopatikana mwaka 2017 katika plazima ya damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Kuna klotho, iliyoelezwa na Makoto Kuro-o na wenzake huko Japani mwaka 1997: panya wasioitengeneza huzeeka haraka. Mwaka 2023 maabara ya Dena Dubal ilionyesha kwamba dozi moja ya klotho iliboresha kumbukumbu ya nyani wazee. Mwaka huohuo makala tatu zilitoka pamoja kuhusu PF4, protini inayotolewa na plaketi, zile chembe zinazogandisha damu ukijikata.

Na kuna GDF11, ambayo ni somo la subira. Watafiti wa Harvard waliitangaza kwa shangwe. Mwaka 2015 wanasayansi wa kampuni ya Novartis wakasema vipimo vilivyotumika vilikuwa vinachanganya protini mbili zinazofanana, na ubishi ukaanza. Mtu akikuambia kwamba jina fulani la herufi na tarakimu ndilo dawa ya uzee, mkumbushe hili.

Basi kambo (babu au bibi) akiongezewa damu ya kijana, kumbukumbu itarudi?

Hapana. Mwaka 2019 Stanford walitoa matokeo ya jaribio dogo kwa wagonjwa 18 wa Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu), waliopewa plazima ya watu wenye miaka 18 hadi 30, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Haikuwadhuru, lakini kwenye vipimo vya akili hakukuwa na nafuu ya kutajwa. Wakati huohuo kampuni moja ya Marekani, Ambrosia, ilikuwa ikiuza lita moja ya plazima ya vijana kwa dola 8,000. Februari 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ikaonya hadharani kwamba biashara hiyo haina faida iliyothibitishwa na ina hatari zake. Hatari ni za kweli: mzio, mapafu kujaa maji, maambukizi.

Hapa Katanga wazee wanaposikia habari hizi wanakumbuka masimulizi ya batumbula, wale waliosemekana kukamata watu usiku wakati wa ukoloni, na siwacheki. Lakini kuna sababu iliyo karibu zaidi. Damu katika hospitali zetu inahitajika kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria na kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Kila mfuko lazima upimwe UKIMWI, hepatitisi B na C, na kaswende. Nayo mifuko haitoshi. Atakayekuambia anao mfuko wa ziada kwa ajili ya "kuamsha ubongo" wa mzee wako, mkimbie.

Sasa kwa mtu wa Kenya au Katuba, mitaa yetu ya Lubumbashi, ni kipi cha kuogopa kwanza?

Tansiyo. Sio CCL11, sio klotho. Presha ya damu isiyotibiwa, hasa kuanzia umri wa kati, inapiga vimishipa vidogo vya ubongo mwaka baada ya mwaka. Sehemu ndogondogo za ubongo zinakufa bila mtu kupooza wala kuanguka. Watoto wanasema tu "Papa amekuwa mzito siku hizi, anauliza jambo moja mara tatu."

Ushahidi hapa ni wa watu, sio wa panya. Jaribio la Marekani liitwalo SPRINT MIND, lililochapishwa mwaka 2019, liliwachukua watu wa miaka 50 na zaidi na kulinganisha kushusha tarakimu ya juu ya tansiyo hadi chini ya 120 na kuishusha hadi chini ya 140 tu. Kundi la 120 lilipata udhaifu wa kumbukumbu wa hatua ya mwanzo kwa kiasi pungufu cha asilimia 19 hivi. Kwa demensia yenyewe (akili na kumbukumbu kupotea kabisa hadi mtu ashindwe kujitegemea) tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kuthibitishwa. Usichukue tarakimu ya 120 ukamlazimishe nayo kambo wa miaka 85 anayeona kizunguzungu akisimama. Hilo daktari ndiye apime, kwa sababu mzee akianguka akavunja nyonga, shida inakuwa nyingine.

Kosa tunaloliona kila siku si dawa, ni upimaji. Mama ametoka Kenya kwa miguu, amepanda ngazi, anakalishwa, kitambaa kinafungwa juu ya sweta, na wakati kinajaa upepo anaulizwa habari za harusi ya jana. Anaandikiwa 165. Apumzike dakika tano ameegemea kiti, miguu chini isiyopishana, mkono wazi umelazwa mezani sawa na moyo, kibofu kitupu, mdomo kimya. Pima mara mbili. Ikiwa siku tofauti inabaki 140/90 au zaidi, hapo tunaongea.

Na dawa ya tansiyo haina siku ya kumaliza. Watu wanaiacha kwa sababu "imeshuka." Imeshuka kwa sababu unaimeza.

Kuhusu chumvi: makayabo (samaki wa chumvi) yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe zaidi ya mara moja. Kubu (vidonge vya kiungo cha supu) mbili kwenye sufuria ya sombe (kisamvu), juu ya chumvi ya kawaida, ni chumvi mara tatu. Najua sombe bila kubu inaleta maneno mezani. Anza na moja.

Sukari je?

Kisukari kinaharibu vimishipa vilevile, na kinaongeza uwezekano wa demensia. Kwenye karatasi za labo zetu utaona gramu kwa lita: asubuhi kabla ya kula, 1,26 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine, ni kisukari. Sukari ikishuka mno nayo ni hatari kwa mzee anayetumia insulini au vidonge vikali akakosa kula. Anachanganyikiwa, anaongea ovyo, na jamaa wanadhani amelewa.

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kinategemea seli nyekundu ziishi maisha yao ya kawaida. Kwa mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) hazifiki huko, na hata kwa AS (aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu) baadhi ya mashine hukosea. Kongo ina wengi wenye SS na AS. Ikiwa matokeo hayalingani na unachokiona kwa mgonjwa, mwambie daktari.

"Damu kidogo" inaweza kusahaulisha?

Inaweza. Hemoglobini (kinachobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu) chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume na 12 kwa mwanamke asiye na mimba ni upungufu wa damu kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Mzee mwenye upungufu huo anachoka, anasinzia, anasikia nusu ya anachoambiwa. Tafiti za muda mrefu zimeuhusisha na demensia pia.

Lakini usikimbilie kununua sirapu nyekundu ya kuongeza damu kabla ya kujua sababu. Inaweza kuwa minyoo, malaria, kidonda cha tumbo kinachovuja taratibu, figo, au kukosa vitamini B12. Hiyo ya mwisho naipa uzito kwa sababu mara nyingine akili inarudi ikitibiwa mapema. B12 iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kambo anayeishi kwa bukari (ugali) na lengalenga (mchicha) mwezi mzima, kwa sababu meno yamekwisha au pensheni ya kampuni haikuja, anaweza kuikosa. Pia aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Dalili zake: ganzi miguuni, kuyumba akitembea gizani, ulimi laini mwekundu, kusahau.

Mtoto wangu ana SS. Ubongo wake uko hatarini?

Ndiyo, na mapema kuliko wengine. Anaweza kupata kiharusi akiwa mtoto, na vingine vidogo vya kimya vinavyoonekana tu kama masomo yanayoporomoka. Mwalimu akisema amekuwa mvivu, mpeleke kwa daktari kwanza. Dawa ya hidroksiurea hupunguza hatari, na kipimo cha mawimbi ya sauti kichwani huonyesha mtoto yupi yuko hatarini zaidi.

Vumbi la madini lina uhusiano wowote?

Swali hili haliepukiki Lubumbashi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viyeyusho (viwanda vya kuyeyusha madini) walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana, na kwa kobalti watoto walizidi watu wazima.

Kwa ubongo, metali tunayoijua vizuri zaidi ni risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza akili ya mtoto, na kwa mtu mzima inapandisha tansiyo, kwa hiyo inaurudia ubongo kwa mlango wa nyuma. Tena hukaa kwenye mifupa miaka kwa miaka. Mwanamke akikoma hedhi na mifupa kuanza kupungua, sehemu yake inarudi kwenye damu, hata kama alihama karibu na kiyeyusho zamani.

Cha kufanya nyumbani ni kidogo lakini kipo: nguo za kazi zisiingie chumbani wala zisifuliwe pamoja na za watoto, mikono ioshwe kabla ya kumega bukari, na sakafu ipigwe deki yenye maji badala ya fagio kavu. Kubwa lililobaki haliko mikononi mwa mama wa nyumba. Liko kwa wenye viwanda na serikali, na si haki kumpa yeye fagio kama jibu.

Kuna kipimo cha damu cha kujua Alzheimer?

Kipo. Mei 2025 FDA ya Marekani iliruhusu cha kwanza, kinacholinganisha p-tau217 na amiloidi, protini mbili za ugonjwa huo, katika plazima, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Si cha kupima watu wazima kiafya kwa udadisi. Nchini kwetu, Jean Ikanga na wenzake wamechunguza viashiria vya aina hiyo katika damu ya wazee wa Kinshasa, jambo la maana kwa sababu viwango vilivyowekwa kwa Wazungu haviwezi kuhamishwa hivihivi. Anayekuuzia "tesiti ya Alzheimer" ya matone mawili sokoni anakuibia.

Ni ya kurithi?

Kwa sehemu. Jeni iitwayo APOE hutengeneza protini inayobeba mafuta, na aina yake ya e4 huongeza hatari. Lakini watafiti waliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nijeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis walikuta nguvu ya e4 ni dhaifu zaidi Ibadan, na demensia yenyewe ni pungufu. Babu kusahau hakukupi hukumu.

Dawa za kusafisha damu zinasaidia?

Hapana. Damu inasafishwa na ini na figo, na baadhi ya mizizi hiyo inaziua figo zenyewe.

Lutuku (pombe kali ya kienyeji) kidogo jioni?

Haisaidii ubongo. Sigara vilevile, na hiyo inaharibu mishipa moja kwa moja.

Mazoezi yanabadilisha damu kweli?

Hapa panya wametuletea habari njema. Mwaka 2020 kundi la Villeda lilichukua plazima ya panya wazee waliokimbia kwenye gurudumu na kuwapa wazee waliokaa tu. Waliokaa wakapata nafuu ya kumbukumbu. Mojawapo ya vitu walivyovitambua ni kimeng'enya cha ini, GPLD1, ambacho huongezeka pia kwa wazee wa kibinadamu wanaotembea sana. Misuli nayo hutoa irisini, homoni inayosafiri kwenye damu. Hakuna haja ya ukumbi wenye vioo: kutembea kwa haraka kiasi cha kuhema lakini bado unaweza kuongea, karibu kila siku, kunatosha. Kusukuma mkokoteni na kulima kunahesabiwa. Kukaa kibandani ukiuza makala (makaa) kutwa nzima hakuhesabiwi, hata kama unarudi nyumbani umechoka.

Mama anasahau majina, anatoka nje usiku, na jirani wanasema ni mulozi (mchawi). Tuanzie wapi?

Muanzie kwa kumlinda. Wazee wamefukuzwa na kupigwa kwa sababu ya ubongo uliochoka, na hakuna kipimo kitakachowasaidia wakiwa barabarani. Atakayesema ni mulozi ajibiwe waziwazi na mtu mzima wa familia, siku hiyohiyo: huyu ni mgonjwa.

Kisha tofautisha. Ikiwa amechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, ni dharura: malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, kiharusi. Mpelekeni leo. Ikiwa imekuja polepole kwa miezi, kuna muda wa kupima kwa mpangilio: tansiyo, sukari, hemoglobini, figo, kaswende, UKIMWI, na ikiwezekana B12 na tezi ya shingo.

Pesa haitoshi vipimo vyote. Tuchague vipi?

Tansiyo kwanza, maana mara nyingi haigharimu kitu au ni kidogo sana. Halafu sukari ya tone la kidoleni na hemoglobini. Vingine daktari ataviongeza kulingana na atakachoona, sio vyote kwa mpigo. Njooni asubuhi kabla ya mzee kula, lakini anywe maji, mshipa wa mzee aliyekauka unatusumbua sisi na kumuumiza yeye. Leteni fishi (kadi za matibabu) za zamani, na dawa zote anazomeza zikiwa kwenye maboksi yake, pamoja na zile za kienyeji na zile alizopewa na jirani. Kwenye mfuko huo wa dawa ndipo tunapokuta, si mara moja, kidonge cha usingizi kinachomezwa tangu msiba wa miaka iliyopita.